Kibonde cha Saa Saba Kasorobo

Rusinga, 9 Juni 1996

Kwa Orpah,

Pokea salamu nyingi kuliko omena zote zimeanikwa hapa kando ya ziwa. Mimi niko mzima. Sijui wewe na cherehani yako.

Nilisema nitaandika nikifika, na sasa ni wiki ya tatu. Usikasirike. Nilianza mara nne nikachana. Unajua niliacha shule darasa la tano, mkono wangu umezoea solda kuliko kalamu. Hata kuongea ilinishinda, pale veranda ya duka la Barnabas nilipokuwa natengeneza redio. Si unakumbuka ulileta redio ya baba yako mara tatu, na ni nzima? Mara ya kwanza nilifikiri ni waya. Mara ya tatu ndio nilielewa, na hapo ndio nilinyamaza kabisa.

Uliniuliza hii kazi ni ya nini, nikasema ni kuchunga mitambo. Wacha nijaribu vizuri. Daktari Mong'ina ni daktari wa mambo ya anga, anafundisha Nairobi. Hapa kisiwani bado hawaamini kwamba si wa hospitali. Asubuhi ingine napata mama watatu wamekaa mlangoni na watoto wanakohoa.

Anasema kabla ya nyota yoyote kulikuwa na hewa moja tu imejaa kila mahali, inaitwa hidrojeni. Hata leo iko ndani ya maji unakunywa. Hiyo hewa ina wimbi yake, kama stesheni. Urefu wake ni shubiri yangu moja, nimepima. Lakini ile ya zamani sana imesafiri huku ulimwengu unapanuka, basi imevutwa kama lastiki ya sketi, mpaka ikifika hapa ni ndefu kuliko mimi. Hiyo ndiyo tunatafuta.

Kuna aerial kubwa juu ya kilima, kibanda cha mabati, mashine, na betri ya sola. Kila siku kutoka saa sita mpaka saa nane mchana, mashine inazungusha mita polepole, kama mtu anatafuta stesheni, na kalamu inachora mstari kwa karatasi. Mimi nakata karatasi, naandika tarehe, naweka kwa sanduku. Daktari anakuja mara moja kwa mwezi. Anachotaka ni kuona kama ule mstari utainama mahali. Kibonde kidogo tu. Hicho ndicho kitakuwa ile hewa ya kwanza.

Mpaka sasa ni mstari tu.

Mimi,
Gisiri


Kehancha, 25 Juni 1996

Gisiri,

"Kwa Orpah"! Hiyo ni barua ama ni wito wa chifu? Siku ingine andika kama mtu anamwandikia mtu.

Lakini nimesoma mara nyingi sana. Nikiwa nashona nimeiweka chini ya kitambaa. Mteja mmoja nilimshonea mkono wa blauzi mahali pa shingo.

Na hiyo maneno ya redio mara tatu, wewe nyamaza nayo. Baba akisikia ataniombea kanisa nzima.

Baba ameanza kuuliza. Unamjua, yeye ni mzee wa kanisa, na sisi Wasabato kwanza tunauliza kijana anafanya kazi gani, ndio tuulize ni wa nani. Mwalimu Cephas anapita hapa kila Sabato jioni na Biblia yake chini ya kwapa. Anaketi mpaka chai inaisha. Hajaniambia kitu, lakini anaongea na baba huku ananiangalia mimi.

Kwa hivyo nilimwambia baba kwamba wewe unasikiliza kuanza kwa dunia. Alitoa miwani. Akasema, "Dunia iliumbwa kwa siku sita. Huyo kijana anasikiliza siku ya ngapi?"

Nikasema nitakuuliza. Sasa jibu. Na ujibu vizuri, kwa sababu hata mkate aliacha mkononi kungojea.

Ni mimi,
Orpah wa Mzee Makori


Rusinga, 14 Julai 1996

Orpah,

Nimetoa "Kwa". Ni polepole.

Nilimuuliza Daktari swali la Mzee. Nilifikiri atacheka, lakini alifikiria kabisa. Akasema, mwambie Mzee nuru imeumbwa siku ya kwanza na nyota siku ya nne. Tunasikiliza katikati hapo. Mwambie hivyo hivyo.

Nina rafiki hapa. Ni mama mzee anaitwa Akumu, sote tunamwita Dani, ni nyanya kwa Kijaluo. Nyumba yake iko chini tu ya kilima. Siku ya kwanza alikuja na redio ndogo imefungwa kwa leso. Haikuwa na shida, ni mawe tu ya betri yamekufa. Alikuwa ameyaanika juu ya mabati wiki mbili, mengine ameyauma na meno. Yamekataa.

Mtoto wake Tony alienda kisiwa cha Remba kuvua tangu Januari. Hajarudi, hajatuma neno. Sasa Dani kila siku saa saba kasorobo anasikiliza matangazo ya vifo. Wanasoma jina, wanasoma kijiji, wanasoma wamama na mashemeji walioachwa. Anaketi kwa kiti yangu, mikono kwa magoti. Wakimaliza na Tony hajasomwa, anafunga leso, anasema "Erokamano, nyathina," asante mtoto wangu, anaenda kupika. Anashukuru kama ni mimi nimemnyima huyo mtangazaji jina la Tony.

Nimemuungia redio kwa betri ya mashine. Kwa mlango kuna karatasi ya sheria, mstari wa kwanza unasema kitu kingine kisiunganishwe na hiyo betri. Lakini wewe ungemwambiaje? Mimi hata kwa konda nashindwa kusema hapana. Ni dakika kumi na tano tu.

Huyo mwalimu anakunywa vikombe vingapi?

Gisiri


Kehancha, 30 Julai 1996

Gisiri wa kilimani,

Vinne. Na sukari anaweka mwenyewe.

Baba alikaa na lile jibu siku mbili. Sabato baada ya kanisa akaniita, akafungua Mwanzo, akaweka kidole. "Kati ya siku ya kwanza na ya nne. Hapo hakuna mtu amewahi kuniambia kulikuwa na sauti." Sasa wageni wakija anawaambia kuna kijana Mkuria wa hapa Kehancha anasikiliza siku ya pili na ya tatu. Mwalimu Cephas alisema hiyo ni elimu ya shetani. Baba akamuuliza kama amemaliza chai.

Mimi nilikuwa jikoni, nimeziba mdomo na apron.

Dani wako mwambie namsalimu. Ulifanya vizuri. Mtu anayeweza kumkatalia mama kama huyo hata mimi simtaki.

Orpah


Rusinga, 18 Agosti 1996

Orpah rafiki yangu,

Leo naandika haraka, vumilia mwandiko.

Daktari alikuja Alhamisi. Alitandaza karatasi zote za Juni na Julai sakafuni, akapiga magoti na viatu vyake vya Nairobi. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akaniita, "Gisiri, kuja uone. Niambie kama naota."

Kuna kibonde. Kidogo, kama mtu ameweka kidole kwa unga. Kila karatasi kuanzia tarehe mbili Julai, mahali pamoja pa mita, hakisogei. Alipima na rula, akapima tena. Akaenda nje akasimama peke yake anaangalia ziwa, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Amekitafuta miaka saba, akiwa ng'ambo na huku, na wengine walikuwa wanamcheka.

Septemba tarehe kumi na saba kuna mkutano Nairobi, maprofesa watatoka nchi nyingi. Ataonyesha hizo karatasi. Na amesema jina langu litaandikwa hapo chini, na kutoka Januari ataniombea nafasi Homa Bay nisomee ufundi wa redio, nipate cheti kabisa. Mimi, cheti.

Orpah, nikiwa na cheti naweza kukaa mbele ya baba yako bila kuangalia vidole vyangu.

Wako,
Gisiri


Kehancha, 29 Agosti 1996

Wako! Umeandika wako! Nimekata hicho kipande cha karatasi na makasi, nimekiweka mahali hutajua.

Nilisoma barua kwa baba, nikaruka mwisho. Alipiga meza mpaka chumvi ikaanguka. Alisema kanisani, mbele ya watu, kwamba kijana wa hapa kwetu amekuwa wa kwanza kuisikia siku ya tatu. Watu walisema Amina. Mwalimu Cephas aliitikia pia, lakini kidogo, kama mtu ana mfupa kwa koo. Siku hiyo hakuja kwa chai.

Jioni baba akasema, "Huyo Gisiri akija likizo apitie hapa, nimwone." Kwa mdomo wake. Mimi nilimwaga maji ya kuosha vyombo kwa miguu yangu.

Njoo.

Orpah wako


Rusinga, 8 Septemba 1996

Orpah,

Kaa chini kwanza.

Jumatatu iliyopita Dani hakuja. Jumanne pia hakuja. Nikaogopa, nikateremka mpaka kwake. Nikakuta Tony. Amerudi kutoka Remba, mwembamba, ndevu nyingi, ameleta gunia ya omena. Alikuwa mgonjwa huko miezi mingi, na hakutaka mamake ajue. Dani alikuwa anamlisha samaki kwa mkono wake kama mtoto mdogo, na huyo ni mtu mzima ananizidi miaka. Nilifurahi mpaka nikasahau njia ya kurudi.

Nilipofika kibandani nikaangalia karatasi ya Jumatatu na ya Jumanne. Mstari umenyooka. Jumatano umenyooka. Hakuna kibonde.

Nikakaa hapo. Halafu nikaanza kuhesabu nyuma. Dani alianza kuja lini? Tarehe mbili Julai. Ile tarehe ya Daktari.

Redio ilikuwa inanyonya betri kidogo, mashine inapata moto pungufu, kalamu inashuka. Na kwa sababu mita inaanza kuzunguka saa sita kila siku, saa saba kasorobo huwa imefika mahali palepale. Kwa hivyo kibonde hakisogei. Kinafuata mtangazaji.

Sikutaka kuamini. Alhamisi nikaazima redio ya Dani, nikaifungua mapema, saa sita na robo. Kibonde kikahama, kikakuja mapema. Ijumaa nikafungua saa saba na nusu. Kikahamia huko. Jana sikufungua. Mstari ulinyooka kama uzi wako.

Sio hewa ya kwanza. Ni mama mmoja anamngojea mtoto wake.

Hakuna mtu anajua ila mimi na sasa wewe. Nikinyamaza, Tony amerudi, redio haiko tena, na Daktari atafikiri mashine imechoka. Jina langu litabaki, Homa Bay nitaenda, na kwa baba yako nitakaa. Nimeyafikiria hayo yote tangu Alhamisi, sitakudanganya. Lakini nakumbuka vile alipiga magoti. Atasimama mbele ya watu wale waliomcheka na aonyeshe redio ya Dani.

Sikuulizi nifanye nini. Kuongea naye singeweza, kwa hivyo nimemwandikia. Nimempa Bonface, dereva wake, anaenda Nairobi kesho. Nimeandika yote, hata sheria ya mlangoni ambayo niliisoma kila siku. Nimemwekea hizo karatasi tatu za kuhama. Na nimefunga begi.

Mwambie Mzee kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Mwambie siku ya tatu bado haijasikika. Kama atasema nisipite, nitaelewa.

Redio yenu ilikuwa nzima na nilikuwa najua. Nilitaka uilete mara ya nne.

Gisiri


Nairobi, 19 Septemba 1996

Gisiri,

Nimekujibu kwa mkono wangu kwa sababu ukiniona nikiongea leo utatoroka.

Barua yako ilikaa ofisini wiki nzima, nikapewa asubuhi ya mkutano, saa moja kabla nisimame. Niliisoma nikiwa chooni, nimefunga mlango. Halafu nikaisoma tena. Nilikasirika sana, Gisiri. Umeniharibia miezi miwili ya karatasi, na ungeniambia siku ile ile Dani alipokuja na leso yake, ningemnunulia mawe ya betri hata gunia. Hiyo sitaisahau haraka, na usitegemee niisahau.

Nilitaka kusema naumwa nirudi nyumbani. Mwishowe nilisimama. Nikawaonyesha kibonde. Watu wakaanza kuinuka kwenye viti. Hapo nikawaonyesha karatasi zako tatu, nikawasomea barua yako, nikitafsiri neno kwa neno, mpaka pale pa Tony na gunia. Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mzee mmoja wa nywele nyeupe, yule aliyekuwa akinicheka zaidi, aliuliza, "Nani aliyefikiri kuifungua redio mapema?" Nikamwambia jina lako. Akaniambia nilitaje polepole, akaandika.

Sasa sikiliza. Unasema umefunga begi. Lifungue. Watu wa kuniambia kile ninachotaka kusikia ninao wengi hapa Nairobi.

Dani apate betri yake mwenyewe, na redio yake ikae upande ule mwingine wa kilima. Bonface anakuletea. Barua ya Homa Bay nimeituma jana, nafasi ni ya Januari. Mpaka hapo tunaanza upya kutoka karatasi ya kwanza, na hiyo karatasi ya sheria iandike tena kwa mkono wako mwenyewe, herufi kubwa.

Mong'ina

Nimebakiza karatasi moja ya Julai. Nimeipachika ukutani ofisini.


Kehancha, 22 Septemba 1996

Gisiri wangu,

Sijui kama umefukuzwa. Kama umefukuzwa, njoo mapema zaidi.

Barua yako niliificha siku nne. Nilikuwa naambia baba "bado haijafika" huku iko chini ya mguu wa cherehani. Nilifikiria, alisema kanisani, watu walisema Amina, sasa nitasemaje? Hata nilifikiria kukuandikia ukae kimya. Nakuambia tu ujue na mimi niko hivyo.

Siku ya tano nilimsomea, yote, wala sikuruka mwisho. Alitoa miwani.

"Alijua anaweza kufukuzwa?"

"Ndiyo, baba."

"Na hakuna mtu alikuwa amemshika?"

"Hakuna."

"Na bado akaandika."

"Akaandika."

Alipangusa miwani kwa shati. Halafu akasema, "Na redio yangu, zile mara tatu. Ilikuwa na shida gani?"

Gisiri, nilitaka ardhi inimeze. Kumbe mzee wa watu alijua wakati wote! Nikaangalia vidole vyangu kama wewe. Nikasema, "Haikuwa na shida, baba."

Akavaa miwani. "Haya. Basi leo wote wamesema ukweli."

Sabato iliyofuata alisimama kanisani akarekebisha, kwamba siku ya tatu bado haijasikika, na kijana aliyesema hivyo ni yuleyule aliyekuwa akisikiliza. Amina ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza. Yeye alikaa chini ameridhika kabisa.

Anasema uje Sabato ya tarehe kumi na mbili Oktoba, ule na sisi. Anasema uje umweleze ile siku ya pili na ya tatu bila kuongeza kibonde. Mwalimu Cephas hajaalikwa.

Orpah wako


Rusinga, 29 Septemba 1996

Orpah wangu,

Sijafukuzwa. Bonface alileta barua ya Daktari, na yako kutoka posta, siku moja, na ya kwako nilifungua kwanza, ingawa ile ingine ndiyo ilikuwa na kazi yangu ndani.

Begi nimelifungua. Nitalifunga tena, lakini la kuja kwenu.

Tumehamisha redio ya Dani. Nilifikiri kwa vile Tony yuko nyumbani hataitaka. Lakini saa saba kasorobo yuko pale upande wa pili, mikono kwa magoti. Nilimuuliza, Dani, sasa unamsikiliza nani? Akasema kuna wamama wengine hawana redio. Wakisoma jina la kijiji anachojua, anatuma mtoto aende kuwaambia. Wakimaliza na hakuna, anafunga leso.

Mimi huku upande wangu naangalia kalamu. Siku nne sasa tangu tuanze upya, mstari tu. Daktari anasema inaweza kuwa hivyo miaka mingi, hata yeye azeeke, maana hiyo sauti ni ndogo sana na dunia ina kelele. Nikamwambia sina haraka. Nimekaa miezi minne kukuandikia neno moja "wangu".

Nitamletea Mzee kipande cha karatasi, cha jana. Hakina kitu. Mwambie nimekikagua mimi mwenyewe, nikazunguka kilima chote kwanza.

Na nakuja na solda yangu. Mwambie aitoe ile redio, aiweke mezani. Najua ni nzima. Nitaifungua, niipanguse vumbi, niifunge pole pole, mpaka chai iishe.

Wako,
Gisiri